Namna ya kumchora mama akiwa ameketi: shule ya Lady Agnew, kazi ya Mwanjelwa

Wanaokuja kibandani kwangu Mwanjelwa, hapa Mbeya, kutaka picha kubwa ya rangi ya mafuta karibu wote ni akina mama, au watoto wanaotaka kumpa mama zawadi. Mwalimu mkuu anastaafu. Mama wa mchele wa Kyela amemaliza nyumba na ukuta wa sebule bado mtupu. Bibi wa Tukuyu anatimiza miaka sabini na wajukuu wamechanga. Maneno yao hayatofautiani sana: "Fundi, nichore nionekane mtu." Kuonekana mrembo hawakutaji. Wanataka heshima, na heshima ni ngumu kuchora kuliko urembo.

Kwa kazi hiyo nimebandika ukutani picha moja, niliyoichapisha steshenari kwenye karatasi ya A3: Lady Agnew of Lochnaw, iliyochorwa na John Singer Sargent mwaka 1892. Yenyewe halisi ipo Edinburgh, Scotland, kwenye jumba la taifa la sanaa. Kimo chake sentimita 127, upana 101. Hapa nitaeleza namna ya kumchora mama wa kwetu kwa kufuata mambo aliyoyafanya Sargent pale. Kama unataka kuinakili, inakili, ni zoezi zuri kabisa, ila mteja wa Mbeya hatakulipa kwa sababu ya Mzungu wa watu.

Mfahamu kwanza huyu bwana. Wazazi wake Wamarekani, baba daktari wa Philadelphia, lakini yeye alizaliwa Florence, Italia, 1856, akakulia safarini, leo mji huu wa Ulaya kesho ule. Mwaka 1874 akaingia kwa Carolus-Duran, Paris, mwalimu aliyewafundisha vijana kuchora moja kwa moja kwa brashi yenye rangi, na aliyemwona mchoraji Mhispania Velázquez kuwa ndiye kipimo cha uchoraji. Mwaka 1884 Sargent akapeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris picha ya Virginie Gautreau, mzaliwa wa New Orleans aliyeolewa na tajiri wa Kifaransa. Ndiyo hiyo inayojulikana kama Madame X: gauni jeusi, ngozi nyeupe ya poda, na mkanda mmoja wa bega umeteleza. Mji ukachachamaa. Mama mzazi wa yule bibi akaja akilia, anataka picha iondolewe. Baadaye Sargent aliurudisha mkanda begani kwa brashi, na ulipo sasa ndipo alipouweka mara ya pili.

Akahamia London 1886. Huko nako watu walimtazama kwa jicho la pembeni, mpaka Lady Agnew ilipoonyeshwa 1893 kwenye maonyesho ya Royal Academy, chama kikubwa cha wasanii cha pale. Hapo oda zikaanza kumiminika, na mwaka uliofuata Academy ikamchagua kuwa mwanachama mshiriki. Ilipofika karibu 1907 alikuwa amewachoka matajiri kiasi cha kuacha kupokea oda zao. Fundi anayefukuza wateja! Sisi wa Mwanjelwa bado hatujafika huko.

Kaa na kiti kabla ya sura

Gertrude Agnew, ndiye Lady Agnew mwenyewe, hakukaa kama mtu wa picha ya pasipoti. Kiti chake ni cha Kifaransa, kina kitambaa cha maua. Mwili umegeukia pembeni na kuegemea nyuma, mkono mmoja umeshika ubavu wa kiti. Kichwa kimeinama kidogo sana, halafu macho yanakuja moja kwa moja kwako. Wakati ule alikuwa anajiuguza homa ya mafua. Mwili umechoka, macho hayajachoka hata kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu asimame mbele ya picha muda mrefu. Anaonekana kama anakupima.

Mama zetu wakiambiwa wanachorwa hukaa vingine. Magoti pamoja, mikono juu ya magoti, mgongo wima, uso umekauka. Ni studio za zamani zilizotufundisha hivyo, na mwenye kamera naye alizoea kusema "usicheke". Usimwambie mama ajilegeze. Mtu akiamriwa kujilegeza ndiyo anakakamaa. Mimi humkaribisha kwa adabu zote, "Shikamoo mama, karibu ukae unavyokaa ukitoka sokoni," halafu namwachia chai na sichori kitu. Namuuliza gunia la mchele limefika ngapi Kyela. Namuuliza kama mvua ya Tukuyu imeacha watu wachume chai. Akianza kunilalamikia madalali, mgongo unashuka, bega moja linashuka zaidi ya jingine, mkono unatafuta pa kushika. Hapo nasema, "Mama, kaa hivyo hivyo," na naweka alama ya chaki sakafuni kwenye miguu ya kiti na miguu yake.

Kabla ya kushika mkaa wa kuchorea, kagua. Mabega yasiwe kwenye mstari mmoja. Mwili uelekee upande mmoja na kichwa upande mwingine. Mikono iwe na kazi: mmoja kwenye mkono wa kiti, mwingine umeshika ncha ya khanga au miwani. Mama wa kanisani atataka Biblia, nayo inafaa sana, lakini ifunguliwe au ishikwe pembeni. Akiishika kifuani kwa mikono miwili anaonekana anaapishwa.

Kiti kiwe na mikono na kisiwe kikubwa kuliko mama. Makochi ya siku hizi yanammeza mtu. Mama mwenye mwili mdogo anazama humo mpaka unabaki kuchora foronya. Kiti cha mninga cha zamani, kile cha baba mkwe, ndicho kiti. Vile vitambaa vya kufuma vya kochi usivitupe, ni utajiri wa macho, ila visogeze mbali na uso. Weupe ukikaa karibu na shavu unalinyang'anya shavu mwanga.

Kuhusu nguo Sargent alikuwa mkali. Alikuwa na kawaida ya kuamua mwenyewe mteja avae nini, na kitambaa alikikunja, akakivuta na kukibana kwa pini mpaka kikakaa anavyotaka. Nawe usione aibu kuwa na pini. Gauni la kitenge lililopigwa pasi mpaka likawa kama ubao halichoreki. Mwombe mama akae nalo kidogo lipate mikunjo.

Dirisha la kusini

Vitabu vya wazungu vitakuambia chumba cha mchoraji kiwe na dirisha la kaskazini. Kwao ni kweli, maana jua lao liko kusini mwaka mzima. Sisi tupo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini. Ukifuata kitabu, jua litaingia ndani, litatembea usoni kwa mama, na kivuli cha pua ulichochora saa tatu asubuhi kitakuwa kimehama saa tano. Tafuta dirisha la kusini.

Lakini kuna miezi ya kuangalia. Kuanzia katikati ya Oktoba mpaka karibu mwisho wa Februari jua la mchana linahamia kusini, na dirisha lako zuri linakuwa tatizo. Tundika shuka jeupe dirishani, mwanga uchujwe. Ni miezi ya mvua pia, kwa hiyo siku nyingi wingu litakufanyia kazi hiyo bure.

Mwanga uwe wa upande mmoja tu. Zima balbu. Balbu ya manjano upande huu na mwanga wa bluu wa dirisha upande ule vitakupa uso wenye rangi mbili zisizoelewana, na mteja atajua kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Mwanga wa dirisha utoke juu ya usawa wa macho ya mama. Kama dirisha ni la chini, ziba nusu yake ya chini kwa kipande cha boksi.

Fremu na kitambaa

Hapa nitapita haraka. Mbao za paini kutoka Sao Hill, Mufindi, tunazo kila kona, ni nyepesi na zinashika msumari. Chagua zilizokauka sawasawa, vinginevyo fremu itajikunja sebuleni kwa mteja. Picha ya kwanza isizidi sentimita 60 kwa 75. Ukubwa wa Lady Agnew uache mpaka uwe umezoea, maana kosa dogo kwenye picha ndogo linakuwa kubwa zaidi kwenye kubwa.

Kitambaa: marikani nzito isiyo na polista. Ivute kutoka katikati ya kila upande kwenda pembeni. Paka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, iache ikauke, kisha paka tabaka mbili za rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, ukipiga msasa laini katikati. Usiruke hatua ya gundi. Mafuta ya rangi yakigusa uzi moja kwa moja yanauozesha pole pole, na picha ya mama inatakiwa imkute mjukuu.

Neno moja kwa walioanzia kwenye vibao vya maduka kama mimi: rangi ya mafuta ya milango siyo rangi ya mafuta ya kuchorea. Inang'aa vizuri leo, lakini haichanganyiki kwa upole na huwezi kuirudia kesho bila kuiharibu. Nunua mirija ya rangi ya wachoraji. Ikibidi, agiza Dar. Anza na sita tu: nyeupe, oka ya njano (njano ya udongo), siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu), amba ya kuchomwa (kahawia nzito), ultramarini (bluu nzito), na nyekundu moja nzito. Nyeusi ya mrija iweke kando mpaka ujue kuiongoza. Sargent aliitumia, lakini huyo ni Sargent. Ongeza tapentaini, chupa ndogo ya mafuta ya kitani na kisu cha kuchanganyia. Brashi ziwe kubwa kuliko unavyodhani. Kwa mandhari ya nyuma natumia brashi ya inchi moja ya dukani kwa vifaa vya ujenzi.

Usianzie kwenye weupe. Chukua amba na ultramarini, ilainishe sana kwa tapentaini, paka kitambaa chote, ufute kwa tambara ibaki rangi ya udongo mkavu. Juu ya weupe mtupu kila rangi inaonekana nzito kuliko ilivyo, na ngozi ya mama wa kwetu ndiyo inayoathirika zaidi.

Simama, rudi nyuma, njoo, piga

Sargent alikuwa na tabia ya kuweka stendi ya picha kando ya anayechorwa, kisha akarudi nyuma mbali, akawatazama wote wawili kwa pamoja, mtu na picha, halafu akaenda mbele kupiga mguso mmoja, akarudi tena. Kutwa nzima anatembea. Kazi hii haifanywi kwa kukaa. Ukikaa na pua yako ikiwa karibu na kitambaa utachora kope moja moja, na mwisho utakuwa na kope nzuri kwenye uso wa mtu mwingine.

Weka stendi sambamba na kiti cha mama. Weka alama yako sakafuni, hatua kadhaa nyuma. Kila uamuzi ufanyie pale kwenye alama. Kwenye kitambaa nenda tu kutekeleza. Kama chumba ni kidogo, fungua mlango usimame barazani. Majirani watazoea.

Chora kwa mkaa kwanza, mistari michache: juu ya kichwa, kidevu, mabega, mahali pa mikono, ukingo wa kiti. Mkaa unautengeneza mwenyewe kwa vijiti vyembamba ndani ya kopo lililofungwa lenye kitundu kidogo, ukalisukumia kwenye jiko. Usichore macho. Chora shimo la jicho, kivuli chake.

Kisha rangi, na hapa ndipo mafundisho ya Carolus-Duran yanapofanya kazi. Usianze na sehemu yenye mwanga kuliko zote, wala na kivuli cheusi kuliko vyote. Anza na rangi ya kati. Uso wa mama ukiutazama kwa macho nusu wazi unakuwa vipande vichache vipana: paji la uso, upande wa shavu ulio kwenye mwanga, upande ulio kivulini, chini ya kidevu. Changanya rangi ya kila kipande kwenye ubao wako kabla ya kugusa kitambaa, zipange, kisha ziweke kila moja mahali pake, zikikutana bila kusuguliwa. Ukishapata vipande hivyo sawa, watoto wa mtaani watasema "huyo mama fulani" hata kabla hajapata pua.

Ngozi

Hapa Sargent anatuacha njiani, kwa kuwa alichora zaidi watu weupe, na wanaofundisha kwenye intaneti nao wengi hivyo hivyo. Basi nitakaa hapa kidogo.

Rangi ya kati ya ngozi nyeusi iliyokoza naipata kwa amba na siena, na ultramarini kidogo. Kwa mama mwekundu wa maji ya kunde, siena inazidi, na oka inaingia. Kivuli ni amba na ultramarini pamoja na tone la ile nyekundu nzito, kwa sababu kivuli cha ngozi yetu kina joto ndani. Ukiweka nyeusi peke yake unapata shimo. Chini ya kidevu tazama vizuri, utaona mwanga unaorudi kutoka kwenye nguo. Kitenge cha njano kinapaka taya njano. Usiuache mwanga huo.

Mwanga ndio mtihani wenyewe. Fundi mwanafunzi akitaka paji la uso ling'ae anachukua rangi ya ngozi anaongeza nyeupe, anaongeza tena, na uso unapauka. Ngozi nyeusi inang'aa kwa sababu inarudisha rangi ya dirisha, na mwanga wa dirisha la kusini ni wa baridi, una ubluu. Kwa hiyo paji, mfupa wa shavu na mgongo wa pua vipate rangi ya kati iliyoongezwa ultramarini na nyeupe kidogo, tone la oka kuituliza. Ukiitazama kwenye ubao utaona kijivu cha bluu na utaogopa. Iweke. Rudi kwenye alama yako. Itakuwa mwanga.

Sasa yale maneno ambayo kila mchoraji wa hapa ameshaambiwa: "Fundi, mbona umenifanya mweusi hivi?" Usikimbilie kumweupisha. Mara nyingi kosa liko ukutani nyuma yake. Ukimchora mbele ya ukuta mweupe, uso wowote wa Kiafrika utaonekana mzito kuliko ulivyo. Nyuma ya Lady Agnew kuna hariri ya Kichina ya bluu, baridi, wala si nyeupe wala si nyeusi, na mbele yake ngozi inapata joto bila Sargent kuhangaika. Kwa mama wa kwetu tundika pazia la kijani kilichofifia, au bluu ya kijivu, liwe na uzito wa kati. Onyesha mteja picha kabla na baada ya kubadilisha mandhari ya nyuma peke yake, ngozi hujaigusa. Wengi huniambia, "Sasa umenipatia."

Na mama akija amepakwa vipodozi vya saluni, uso rangi moja, shingo nyingine? Rudi kwa Madame X. Yule bibi alijulikana Paris nzima kwa poda yake, weupe wenye kuelekea zambarau, na Sargent aliupata vizuri weupe huo. Lakini tazama sikio: ni jekundu, la damu, halina poda. Sikio ndilo linaloonyesha kuwa kuna mtu mzima chini ya ule unga. Kwa hiyo nachukua rangi ya ngozi kwenye sikio na shingo, naijenga picha juu ya hiyo, na vipodozi naviweka mwishoni kwa kiasi, mdomo na juu ya jicho. Bibi harusi hafurahi siku ya kwanza. Mume wake hufurahi.

Nguo, hereni, na hamu ya dhahabu

Gauni la Lady Agnew kila mtu huliita jeupe. Toboa tundu dogo kwenye karatasi nyeusi, lipitishe juu ya gauni hilo kwenye picha uliyochapisha, utazame kila doa peke yake. Utaona kijivu, utaona krimu, utaona zambarau nyepesi iliyotoka kwenye ule mkanda mpana wa kiunoni. Nyeupe kabisa ni miguso michache, kwenye vilele vya mikunjo. Gauni jeupe la kipaimara au la send-off lichore hivyo hivyo. Anayemaliza mrija wa nyeupe kwenye gauni moja hana pa kupeleka mwanga.

Kitenge kina shida yake: maua. Ukiyachora yote kwa usawa nguo inakuwa bango lililobandikwa juu ya mwili. Chora kwanza mwili na mikunjo kwa rangi kuu ya kitenge, kivuli na mwanga, kama hakina ua hata moja. Kikishaonekana kimekaa juu ya paja na goti, ndipo uweke maua, na uyafuatishe mikunjo: yanakatika yanapoingia kwenye mkunjo, yanabanwa yanapozunguka goti, yanapotea kabisa kivulini. Maua kamili yawe machache, karibu na mikono na kifua, mahali unapotaka jicho la mtazamaji litue.

Cheni na hereni usizimalize kwa rangi ya dhahabu ya kopo, hata mteja akiileta mwenyewe. Lady Agnew ana kidani shingoni. Karibu ni miguso tu ya rangi, mbali ni madini. Dhahabu ni amba, oka, na nukta moja ya mwanga iliyowekwa mara moja na kuachwa.

Kukwangua

Kichwa kikikataa, usikitibu. Sargent alikuwa tayari kukikwangua kichwa kizima na kukianza upya kuliko kuhamisha jicho moja na kuziba shavu. Jicho likiwa limekosea mahali, mara nyingi ni fuvu lote limekosea, na jicho ndilo lililokuonyesha. Chukua kisu jioni rangi ikiwa bado mbichi, kwangua uso wote ubaki kivuli chake, kesho anza na vipande vipana tena. Mama akikukuta unakwangua atashtuka, kwa hiyo subiri aondoke.

Mdomo uuache mwisho. Pembe za mdomo ndizo zinazosema mtu anataka kucheka au amekasirika, na kwa Lady Agnew zimeachwa bila kufungwa kwa mstari. Zilainishe kwa kidole.

Mama asipoweza kuja

Wengine wako Tunduma dukani, wengine Makambako, wengine hawawezi kukaa kitini muda mrefu. Piga picha, lakini uipige mwenyewe. Simu ikisogezwa karibu na uso inakuza pua na kurudisha masikio nyuma. Simama mita mbili au tatu, vuta kwa zumu, usawa wa macho yake, mwanga wa dirisha moja, flashi imezimwa. Piga nyingine ya mikono peke yake na nyingine ya kitambaa. Andika pembeni rangi unazoziona kwa macho yako, kwa sababu simu nyingi husafisha ngozi zenyewe bila kuulizwa. Kwa marehemu aliyebaki na picha moja ya kitambulisho, mwambie mteja mapema kwamba utachora kichwa na mabega tu. Mwili wa kubuni chini ya kichwa cha kweli watoto wake watautambua mara moja.

Kukausha na kukabidhi

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka. Inakauka kwa kunywa hewa, na baridi yetu ya Juni na Julai inaichelewesha sana. Oda ya harusi ya Agosti ipokee mapema au ikatae. Amba hukauka haraka kuliko nyingi, ndiyo sababu tabaka za chini naziegemeza kwake. Tabaka za chini ziwe na tapentaini zaidi, za juu mafuta zaidi. Ukigeuza utaratibu huo picha inapasuka. Usiiweke karibu na jiko la mkaa kuiharakisha. Fungua dirisha unapotumia tapentaini, na matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike pembeni: rundo hilo linaweza kujipasha moto na kuwaka lenyewe. Yatandaze nje yakauke moja moja au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Chukua advansi ya nusu kabla ya kununua mirija, na nusu iliyobaki kabla picha haijatoka mlangoni. Vanishi usiipake siku ya kukabidhi. Mwambie mama aitundike mbali na jua la dirishani na mbali na moshi wa jikoni, aifute vumbi kwa kitambaa kikavu, na baada ya miezi sita hivi uende mwenyewe na brashi pana na chupa ya vanishi, uipake pale pale sebuleni. Nyuma ya fremu andika kwa penseli jina lake, mwaka, na jina lako.